Nimefumua rasta nikapata panja zimerudi nyuma, nisuke tena ama niache?

Binti_wa_Umoja: Wadada habari zenu. Jumamosi nimefumua rasta nilizokaa nazo wiki kumi, najua ni nyingi lakini nilikuwa nimelipa elfu tatu na mia tano na kuzitoa mapema nilikuwa naona ni kama natupa pesa. Sasa kuchana hivi zikatoka ngumi nzima, nikashtuka, halafu hapa kwa panja ya kushoto ngozi imeonekana na zimebaki tu zile ndogo ndogo kama za mtoto mchanga. Siku ya kusukwa kichwa kiliuma hadi nikalala nimekaa, nikameza dawa, kesho yake vipele vyeupe vikatokea kwa mizizi na nikanyamaza maana tangu tukiwa wasichana tunaambiwa tuvumilie ndio tupendeze. Mwezi ujao dada yangu analetewa mahari na tulikubaliana tusuke wote mtindo mmoja. Nifanyeje? Na hizi zitarudi kweli?

Msusi_KenyattaMarket: Pole sana mrembo. Hiyo ngumi isikutishe yote, kichwa cha mtu huangusha nywele kama 50 hadi 100 kwa siku na ukiwa umesuka hazina pa kuangukia, zinabaki humo ndani ya rasta, sasa wiki kumi ni siku 70, piga hesabu mwenyewe. Chukua moja moja uangalie kwa mwangaza wa dirisha. Yenye kidoa cheupe kwa ncha ilishamaliza muda wake, lakini kipande kifupi kisicho na kidoa hicho kimekatika. Panja ndio inanisumbua, na hivyo vipele, hiyo ni nywele imevutwa kupita kiasi. Huku sokoni mnaweza kushikwa kichwa na wasusi watatu wanne ndio umalize haraka, na kila mmoja ana mkono wake, huyu anakaza huyu analegeza, na wewe unanyamaza maana unaona aibu. Sema! Mteja akiniambia hapa panauma nafungua naanza upya, na zile nywele za mtoto za mbele siziguzi kabisa. Notilesi, zile rasta zisizo na fundo kwa mizizi, huvuta kidogo kwa sababu inaanza na nywele zako kisha braidi, yaani nywele za bandia, inaongezwa polepole, lakini ukitaka ifike kiunoni na iwe nzito bado itavuta tu.

Mama_Wawili: Usisuke, aki nakuomba. Mimi nilienda hivyo miaka kama sita, natoa rasta leo kesho naweka wivi, na nywele zenyewe nimetoka kuzitia dawa wiki hiyo hiyo. Daktari wa ngozi akaniambia hiyo inaitwa traksheni alopeshia, yaani kupoteza nywele kwa kuvutwa, ukiacha kuvuta mapema nywele hurudi, ukiendelea mizizi inageuka kovu na hapo hata umalize chupa ya mafuta ya mnyonyo hakuna kitu kitaota. Panja yangu ya kulia ilirudi baada ya miezi minane hivi. Ya kushoto mpaka leo ukipitisha kidole ni laini kama kiganja. Nenda uonwe saa hii ukiwa bado na hizo ndogo, usingoje kama mimi.

Nywele_Kavu: Na ukija kusuka tena baadaye, wiki sita zinatosha, nane ndio mwisho kabisa. Mimi kilichoniumiza ni muwasho, nilikuwa najikuna na kitana hadi natoa damu. Siku hizi naloweka braidi kwa maji na siki kidogo usiku, unaona utando mweupe unaelea juu, nasuuza naanika kabla ya kumpelekea msusi. Kuosha pia usiogope, changanya shampuu na maji kwa chupa yenye mdomo mwembamba, elekeza kwa mistari ya ngozi, usuuze sana hasa kama kwenu ni maji ya kisima yale ya chumvi, halafu kausha mpaka ndani. Julai na hii baridi ya Nairobi ukilala nazo mbichi zitanuka. Na kitambaa cha satini usiku, pamba inakausha nywele.

Binti_wa_Umoja: Asanteni jamani. Nimekaa na hizo nywele kwa dirisha, nyingi zina kidoa cheupe kama msusi alivyosema, lakini za panja ni vipande vifupi na hazina chochote. Nimempigia dada yangu nikilia. Amesema hakuna kusuka, sote tutafunga vilemba vya kitambaa kimoja. Kliniki naenda Alhamisi.

Msusi_KenyattaMarket: Umefanya vizuri. Siku hiyo upitie asubuhi nikufungie mimi, bure. Kilemba nacho kikikazwa mbele ni kamba ile ile, fundo litakaa nyuma kwa kisogo na hapo kwa panja nitaacha kidole kipite.