Tupeane uzoefu: video yako ya kwanza ya mazoezi ya nyumbani ilikufanya nini?

Dera la Buluu: Leo napekua simu nimeikuta video niliyoipakua mwaka juzi. Imeandikwa "kwa wanaoanza", na dakika ya pili tu mwalimu anaruka kama kashikwa na umeme. Magoti yaliikumbuka kabla yangu. Nani mwengine yamemkuta?

Mtoto wa Wete: Mie hapa. Dakika ya nne sikuiona.

Bi Ghorofani: Nyie hamjaona kitu. Mie nakaa kwenye maghorofa ya Michenzani, Unguja, juu. Nilichagua video kwa kutazama tumbo la mwalimu, si anachofanya. Dakika 40, kuruka mwanzo mwisho, hata kupasha mwili hakuna. Nikatandika mkeka juu ya vigae, soksi miguuni, kanga kiunoni, sauti nimeifungulia. Kumbe chini kwa jirani kuna khitma! Wao wanasoma, mie juu du! du! du! Mara mkeka ukateleza, nikaenda nao mpaka kabati la vyombo. Mabakuli sita ya kaure ya mama mkwe, yakabaki mawili. Wanaume watatu wakapanda wakagonga: "Kuna usalama humo?" Pumzi ya kujibu sina, nimekaa chini na kifuniko cha birika mkononi. Mpaka leo nikishuka ngazi bibi wa chini huniuliza, "Mwanangu, leo unaruka?"

Mpiga Mbizi: Kifuniko cha birika kilitoka wapi? 😂

Bi Ghorofani: Sijui mpaka leo.

Mzee wa Baraza: Video za nini? Tokeni mtembee. Kila Januari 1 hapa Zanzibar si watu wanajaa barabarani siku ya mazoezi?

Mama Watatu: Na Januari 2? Nikuletee wanangu hapo barazani uwaangalie, nami nitoke nikatembee?

Mzee wa Baraza: Nimekosa, bibi.

Kiatu Peku: Video itazameni yote kwanza mmekaa, na chai mkononi. Anayeanza atafute ile ambayo mguu mmoja haubanduki chini, na pawepo dakika chache za kupasha mwili. Nyingi zina mtu nyuma anayefanya hatua nyepesi. Mfuate huyo, mwalimu muache na tumbo lake. Dakika 10 zinatosha kuanzia. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afikishe angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, lakini si zote Jumamosi. Kipimo: uweze kuongea, usiweze kuimba.

Mpiga Mbizi: Mie siwezi kuimba hata nimelala.

Mtoto wa Wete: Na viatu mvae, soksi zinateleza.

Mama Watatu: Viatu ndani? Kwangu haingii mtu na kiatu.

Mtoto wa Wete: Viwe vya ndani tu.

Mama Watatu: Peku ndiyo salama.

Mtoto wa Wete: Kwenye saruji! Kisigino kikianza usinitafute.

Kiatu Peku: Kama hamruki, gombaneni polepole.

Bi Ghorofani: Sasa nina ya kutembea papo hapo, dakika 15, hata sauti naizima. Bibi wa chini jana kapanda kuniuliza kama naumwa.

Dera la Buluu: Nitumie hiyo. Ila isiwe ya yule wa tumbo.