Mrejesho: nyayo za baba kuwaka moto

Wakuu, niliuliza kwa nini baba, mgonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka na kukakamaa) hapa Ngamiani, Tanga, nyayo zinamuwaka usiku, ilhali mchana anakanyaga mchanga wa moto hasikii.

Daktari kasema Parkinson haiishii ubongoni. Protini iitwayo alfa-sinukleini hujikusanya hata kwenye nyuzi nyembamba za neva ngozini, zile za kuhisi joto na maumivu na za kutoa jasho. Kipimo cha kawaida cha umeme wa neva hakizioni, ndiyo maana majibu yalikuja safi (nasi tukadhani mzee anadeka!).

Vitamini B12, ambayo neva huihitaji, imekutwa chini, hali inayowapata baadhi ya wanaotumia levodopa, dawa ya Parkinson. Anachomwa sindano. Neva hizo huweza kuota tena, ila polepole mno.

Mwezi wa pili huu, moto umepungua kidogo. Makobazi havui hata barazani.