Galaksi kubwa huachaje kuzaa nyota ilhali gesi bado ipo?

Kipepeo_wa_Anga:
Habari wakuu. M87, galaksi kubwa katika kundi la Virgo, imezungukwa na gesi tele, ila nyota mpya karibu hamna. Kinachokwama ni nini? Pili: nikiwa na picha zilizopigwa kupitia vichujio vya rangi tu, nitaitofautishaje galaksi iliyozima (iliyoacha kuzaa nyota) na iliyofunikwa na vumbi?

Ngao7:
Mkuu, acha wingi wa gesi, tazama joto lake. Mawingu yanayozaa nyota yana kama kelvini 10. Gesi inayoizunguka M87 imevuka milioni 10. Halo ya mada ya giza (wingu lisiloonekana linaloizunguka galaksi) ikikaribia masi za Jua trilioni 1, gesi inayoanguka ndani hugongana na kuchemka kabla ya kufika katikati.

Hapo bado, maana gesi hiyo hutoa eksirei, hivyo ingepoa tena na kushuka. Shimo jeusi la katikati ndilo linaloizuia: majeti yake (mikondo ya chembe zinazorushwa kwa kasi kubwa) hupuliza mapovu makubwa na kurudisha joto. Kwenye kundi la galaksi la Perseus mapovu hayo yanaonekana wazi kandokando ya NGC 1275, galaksi yake ya katikati. Kuzima ni kazi moja, kubaki umezima ni nyingine, na wengi huzichanganya.

Mwanga_Hafifu:
Nyongeza. Gesi ya molekuli kwenye diski ya kawaida inatosha miaka bilioni 1 hadi 2 tu, kwa hiyo galaksi hai huishi kwa kuletewa mpya. Ukikata njia hiyo, inazima polepole, na nyota zake za mwisho zinakuwa na metali (elementi nzito kuliko heli) nyingi kwa kuwa hakuna gesi safi ya kuzimua. Ikivuliwa gesi ghafla, dalili hiyo haiji. Galaksi iliyo ndani ya kundi la galaksi huvuliwa na gesi ya kundi lenyewe, kuanzia pembeni. Tazama mkia wa gesi wa galaksi ESO 137-001.

Lakini njia ya polepole haiielezi GS-9209, galaksi ya mbali sana iliyokuwa imeshazima miaka kama bilioni 1.25 baada ya Mlipuko Mkuu. Pale gesi ilitumika kuzaa nyota au kufukuzwa haraka sana.

Ngao7:
Kuhusu vichujio: rangi moja itakudanganya. Pima U−V na V−J, yaani tofauti za mng'ao kati ya vichujio U (karibu na urujuanimno), V (mwanga wa kijani) na J (infraredi), zote kwa mawimbi ya galaksi yenyewe, kabla hayajanyooshwa na kupanuka kwa ulimwengu. Iliyozima ni nyekundu kwenye U−V tu. Yenye vumbi ni nyekundu kwenye zote mbili. Kosa la kawaida ni kukosa J: galaksi ikiwa na z = 2 (z ni kipimo cha mnyoosho huo wa mawimbi), J inahamia karibu mikroni 3.7, nje ya uwezo wa kichujio cha K, ambacho nacho ni cha infraredi. Tafuta data za darubini za anga za Spitzer au James Webb.

Ukipata spektra (mwanga uliotawanywa kwa mawimbi), angalia hidrojeni-alfa, mstari wa hidrojeni unaowashwa na nyota changa (nanomita 656.3), ila linganisha kwanza na mstari wa nitrojeni jirani yake, kwani shimo jeusi nalo huweza kuuwasha. Mistari ya Balmer (familia ya mistari ya hidrojeni) iliyofyonzwa kwa nguvu maana yake galaksi imezima ndani ya takriban miaka bilioni 1 iliyopita. Kizingiti kinachotumika sana: galaksi ya masi za Jua bilioni 100 ikizaa nyota zenye jumla ya masi chini ya Jua 1 kwa mwaka, ihesabu imezima.