Naombeni ushauri: maswali ya mantiki kwenye mchujo wa benki yananitoa kila mara

Kibanda_Igoma:
Habari za jioni wakuu, naombeni mnisaidie mawazo maana zimebaki siku tisa tu.

Nina miaka 26, uhasibu nimemaliza 2022, sasa hivi nipo Mwanza nakaa kwenye kibanda cha uwakala wa pesa cha shangazi. Nimeshaitwa mara mbili kwenye mtihani wa mchujo, benki mbili tofauti, zote nimeishia hapohapo, intavyuu ya ana kwa ana naisikia tu kwa wenzangu. Hesabu za asilimia na majedwali naziweza, Kiingereza sio mbaya, kinachonimaliza ni yale maswali ya mantiki, watu wamekaa kwenye mstari au wamezunguka meza, nani yuko kushoto kwa nani. Mara ya mwisho tulipewa maswali 40 kwa dakika 40, swali la 12 nikakutana na la kupanga watu nikasema hili siliachi, nachora nafuta nachora nafuta, kuja kuangalia saa kwenye skrini zimeenda dakika 11 na jibu sina. Ya mwisho nimebonyezabonyeza tu. Siku ile nililia, sifichi.

Lilikuwa la aina hii, majina nimebadilisha: Asha, Baraka, Chiku, Doto, Eliya na Fatuma wamekaa mstari mmoja, wote wanatazama kaskazini. Asha hayuko jirani na Chiku. Doto yuko kulia kwa Chiku. Fatuma yuko jirani na Baraka. Kati ya Baraka na Chiku wapo watu wawili. Chiku ni wa tatu kutoka kushoto. Nani wa pili kutoka kushoto?

Mnaoyaweza haya mnaanzia wapi? Au ni kipaji?

Teller_wa_Zamani:
Pole mdogo wangu, sio kipaji. Nimekaa kaunta miaka 9 na kabla ya hapo nilidondoka mchujo mara tatu kwa ugonjwa huohuo. Unasoma swali kama hadithi, unaanza na Asha kwa vile ametajwa mwanzo. Sasa "Asha hayuko jirani na Chiku" ukianza nayo utachora mpaka karatasi ya rafu iishe, maana haikwambii yupo wapi, inakwambia tu asipokuwepo. Sentensi zote za hayuko, hakai, si fulani, zitie alama pembeni zisubiri. Tafuta kwanza ile inayompa mtu kiti chake moja kwa moja. Hapo ni ya mwisho kabisa, na watunzi wanapenda kuificha huko.

Chora vistari sita. Chiku 3. Kati yake na Baraka watu wawili, upande wa kushoto viti havitoshi, basi Baraka ni 6. Fatuma jirani wa Baraka, 6 ndio mwisho wa mstari, kwahiyo Fatuma 5. Zimebaki 1, 2 na 4. Sasa ndio umwite Asha wako: 2 na 4 zote zinapakana na Chiku, hana pa kwenda zaidi ya 1. Malizia mwenyewe, sitaki nikutafunie kila kitu. Na andika herufi mojamoja, A, B, C, majina mazima yanakula sekunde.

Pune_mpaka_Dodoma:
Naongezea kwa mkuu hapo juu. Nilisoma Pune, India, wenzangu wa hosteli walikuwa wanajiandaa na mtihani wa IBPS, ule ambao benki nyingi za serikali kule zinaajiria. Asee wale jamaa wamejipanga. Kipindi kile hatua ya kwanza ya nafasi za maofisa ilikuwa maswali 100 kwa saa moja, mantiki peke yake 35 kwa dakika 20, na ukikosea wanakata robo ya alama. Piga hesabu, ni kama sekunde 34 kwa swali. Hakuna aliyekuwa anajibu kwa kufuata namba, walikuwa wanapita kwanza wanaokota mafupi, ya alama za kubwa kuliko na ndogo kuliko, ya mwelekeo (katembea kilomita 3 kaskazini kageuka kulia), halafu ndio wanarudi kwenye kupanga watu. Kule picha moja inabeba maswali matano hivi, ukitumia dakika 5 inalipa. Wewe umetoa dakika 11 kwa alama moja, hapo ndipo ulipopotea. Jiwekee dakika mbili, picha haijatulia unaondoka, kama mfumo unaruhusu kurudi nyuma utarudi. Mingine hairuhusu, kwahiyo soma maelekezo kabla hujabonyeza kuanza, na uangalie kama wanakata alama ukiotea.

La meza ya duara: wakitazama katikati, kulia kwao ni kinyume cha mshale wa saa. Usikariri, jione umekaa chini ya hilo duara umetazama juu, mkono wako wa kulia unaelekea wapi? Wakitazama nje inageuka.

Mdau_Huru:
Bila mtu wa kukushika mkono unamaliza bando tu dada.

Teller_wa_Zamani:
Usimvunje moyo mtoto wa watu. Mchujo anasahihisha kompyuta, haina shangazi wala mjomba.

Mama_Wawili:
Mdogo wangu yale ya "wote" na "baadhi" nayo usiyaache, mie ndo yalinitoa. Makarani wote ni wasomi, baadhi ya wasomi ni wakulima, je baadhi ya makarani ni wakulima? Nikajibu ndiyo kwa sababu baba yangu alikuwa karani na shamba analo. Mtihani haukuulizi ya kwenu. Chora duara la makarani ndani ya duara la wasomi, la wakulima liguse wasomi bila kuwafikia makarani. Limechoreka? Basi hitimisho halifuati, picha moja tu ya kulikataa inatosha. Na yale ya maumbo, unapotafuta umbo gani linafuata, fuata kitu kimoja kimoja, idadi kwanza, halafu kinavyozunguka, halafu kivuli.

Kibanda_Igoma:
Jamani asanteni mno. Nimemalizia: Doto lazima awe kulia kwa Chiku na huko imebaki 4 tu, kwahiyo wa pili ni Eliya!! Nimelirudia mwanzo hapahapa kibandani wateja wanakuja natoa pesa narudi, dakika moja na nusu. Nimeshusha na PDF ya maswali ya India, nimekwama la duara la watu wanane, wanne wanatazama ndani wanne nje.

Pune_mpaka_Dodoma:
Hayo yana dawa: kila mtu mchoree kamshale anakotazama kabla hujampa jirani, na kulia kwake uhesabu kwa mshale wake yeye, sio wa mwenzake. Kama hujui anatazama wapi chora picha mbili ubavu kwa ubavu mpaka moja ivunjike. Liweke hapa lilivyo, kesho saa mbili usiku tunalifanya wote.