Familia ya Makorora, Tanga: baada ya kambi ya macho

JUMAPILI

Mimi: Asalaam aleykum jamani. Wakubwa zangu shikamooni. Kambi ya macho ya jana imekwisha salama, alhamdulillah. Watu walianza kupanga foleni alfajiri, kufika adhuhuri foleni imetoka nje ya lango la shule. Wenye mtoto wa jicho wameshaandikishwa, watapelekwa hospitali ya mkoa kupasuliwa kwa makundi, kuanzia Alhamisi. Asanteni sana mliokuja kusaidia. Nina neno kuhusu klabu yetu ya Lions, hii ya kujitolea iliyoandaa kambi, nitaliandika baada ya magharibi nikitulia.

Mama Mkubwa: Waaleykum salaam, marahaba mwanangu. Mungu awalipe. Yule bibi wa nyumba ya kona, msuka mikeka, tangu jana hana habari nyingine.

Dada Muuguzi: Yule nilimpima mimi Mama Mkubwa. Alikuja kakata tamaa kabisa, anajua ni mtoto wa jicho na atapasuliwa. Kumbe mbali anaona vizuri tu, ni umri. Ukishapita miaka 40 lenzi ya jicho inakuwa ngumu, vitu vya karibu vinakataa. Nikamvalisha miwani ya kusomea, +2.50. Akatoa ukili kwenye kikapu chake, akautazama weee, kisha akasema "hapa nilikosea kupishanisha." Akaufumua na kuusuka upya palepale kwenye benchi. Foleni yote imesimama inamtazama yeye.

Mama Mkubwa: 😭😭 Na mkono wake ulivyo mzuri. Miaka yote hii tukidhani kaacha kwa uchovu.

Shangazi Muscat: Mashallah tabaraka Rahman. Mimi huku nina miwani ya marehemu, droo nzima. Nilikuwa sina moyo wa kuitupa. Mnaipokea?

Mimi: Shikamoo shangazi. Tunaipokea kwa mikono miwili. Lions nchi nyingi wanakusanya miwani iliyokwisha tumika, inapimwa nguvu, inasafishwa, anapewa mwingine anayefaa nayo. Viringisha kila moja kwenye kitambaa chake, lenzi zisikwaruzane njiani.

Shangazi Muscat: Marahaba baba. Kuna mtu anakuja huko mwezi ujao, nitampa.

Binamu Bajaji: Poleni na kazi wote. Mimi wangu wa mwisho nilimrudisha Mwanzange saa mbili usiku. Mzee hataki kushuka, anataka kujua Alhamisi nitampitia saa ngapi 😄

Mimi: Basi neno langu ndilo hili. Naomba mlisome mpaka mwisho, refu kidogo.
Klabu inapungua. Wazee wamefariki, wengine wamehamia Dar na Arusha kwa watoto wao. Mwaka wetu unaanza Julai, na kila Julai tunaambiana "tuongeze wanachama." Tunaandika barua kwa mameneja, tunawaalika chakula cha mchana hotelini, wanakula, wanapiga picha, hatuwaoni tena.
Jana nilisimama pembeni nikaangalia ni nani anayefanya kazi. Bango la E, lile la kupimia macho, lilifungwa kwenye mwembe na watoto wa Kidato cha Tatu, wakapima mita 6 kwa kamba na kuweka jiwe mahali pa kusimama. Wazee wasiojua kusoma walikuwa wanaonyesha kwa vidole miguu ya E inaelekea wapi, na mtoto mmoja anaandika. Dada alipima kutwa nzima bila kukaa. Mama Mkubwa na wenzake wa kikoba walilisha watu. Binamu kabeba wazee tangu asubuhi kwa mafuta yake mwenyewe. Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye ni mwanachama. Na kila kambi ni haohao.
Mimi naona wanachama tunao. Tunawatafuta pasipo.

Mjomba: Nimesoma mpwa wangu. Maneno mazuri. Lakini nami niseme, nimo kwenye klabu hii tangu nywele ni nyeusi. Vijana wa leo hawataki kujitolea. Ukimwita mtu, swali la kwanza ni posho.

Dada Muuguzi: Mjomba shikamoo. Naomba nikupinge kwa adabu. Mikutano yenu ni Jumanne saa saba mchana, hotelini. Jumanne saa saba mimi niko wodini. Muuza samaki yuko sokoni. Mwalimu yuko darasani. Hapo anayebaki ni mwenye ofisi yake mwenyewe. Na bei ya sahani moja pale mtu analisha nyumba siku mbili. Si kwamba watu hawataki mjomba, hawafiki mlangoni.

Mjomba: Marahaba. Hilo la muda ni kweli, silikatai.

Kaka Dar: Wakubwa shikamooni. Samahani naingilia. Huku kazini nikitaja Lions wananiambia ni Freemason. Na Rotary vilevile. Ukitaka wanachama hilo lazima mlijibu, watu wengi wanaogopa kimyakimya.

Shangazi Muscat: Hata mimi niliwahi kusikia hivyo hivyo. Sikusema tu.

Mjomba: Hili nalijibu mimi, maana nimeulizwa tangu zamani, mpaka na imamu wetu. Na niliyomjibu imamu ndiyo nitakayowaambia.
Lions ilianzishwa Chicago mwaka 1917 na mtu mmoja wa bima, Melvin Jones. Alikuwa kwenye chama cha wafanyabiashara, akawauliza wenzake: sisi tunakutana kuinuana wenyewe kibiashara, je, mji wetu unapata nini? Mwaka 1925 Helen Keller, yule mama asiyeona wala kusikia, aliwahutubia wakiwa kwenye mkutano wao Ohio, akawaomba wawe watetezi wa wasioona. Habari ya macho ilianzia hapo, nasi jana tulikuwa kwenye kazi hiyohiyo.
Hakuna kiapo cha siri. Imeandikwa wazi kwenye madhumuni yetu kwamba wanachama wajadili jambo lolote la jamii, isipokuwa siasa za vyama na mabishano ya dini. Ndiyo maana mezani kwetu yupo Muislamu, Mkristo, Mhindu, na hatujawahi kugombana. Anayetaka aje aketi, mkutano hauna pazia.

Kaka Dar: Ahsante mjomba. Kumbe tulikuwa tunahitaji mtu wa kutuambia hivyo tu.

Mama Mkubwa: Na wa Rotary je?

Mjomba: Ni klabu nyingine, nayo ilizaliwa Chicago, 1905. Hao walijifunga kibwebwe dhidi ya polio tangu 1985. Agosti 2020 ikatangazwa rasmi kuwa Afrika haina tena kirusi pori cha polio. Watoto wetu waliodondoshewa matone mdomoni, mkono wa Rotary ulikuwemo.

Shangazi Muscat: Na pesa? Nisameheni, mimi ni mtu wa kuuliza pesa. Tukichanga huku, nani anakula?

Mimi: Swali zuri shangazi, uliza bila haya. Klabu ya Lions ina mifuko miwili na haichanganywi. Ada za wanachama ndizo zinaendesha klabu: chai ya mkutano, karatasi, ada ya makao makuu. Pesa iliyochangwa na watu wa nje, hata shilingi mia, inarudi kwa watu wa nje yote. Haturuhusiwi kununua hata soda ya mkutano kwa pesa ya kambi. Mweka hazina anaisoma mifuko yote miwili mbele ya kila mtu.

Mama Mkubwa: Hapo nimewaelewa. Kikoba chetu nacho ni hivyohivyo, mfuko wa jamii hauguswi na mkopo.

Binamu Bajaji: Mimi naomba kuuliza kitu. Hivi mtu kama mimi naweza kuingia? Siku zote nilijua ni ya wakubwa wenye ofisi. Hakuna aliyewahi kuniambia njoo ujiandikishe, huwa naambiwa njoo Jumamosi ubebe wazee. Na nakuja kwa sababu napenda. Bibi yangu alikufa haoni, na ilikuwa ni mtoto wa jicho tu.

Mama Mkubwa: Allah amrehemu. Kweli kabisa. Tulikuwa tunamkandia maji ya majani.

Dada Muuguzi: Naomba hapa nisisitize, maana bado wapo wanaotia vitu machoni. Mtoto wa jicho hautoki kwa maji ya majani wala matone ya dukani. Ni lenzi yenyewe imeingia ukungu. Inatolewa, inawekwa ya plastiki, na kwa daktari mzoefu ni kama dakika 20 hivi. Lakini presha ya macho ni habari nyingine, kilichopotea hakirudi, kwa hiyo mtu awahi kupimwa. Ukiona mzee anaanza kujigonga milangoni usimwambie ni uzee.

Mimi: Binamu, swali lako ndilo lililonifanya niandike leo. Sharti la Lions ni kwamba mtu awe amefikia utu uzima, awe na mwenendo mwema na jina zuri kwa watu wake. Halisemi ofisi, halisemi cheo. Kilichobaki ni mwanachama mmoja akualike. Mimi nakualika, mbele ya familia.

Binamu Bajaji: 🙏🏾🙏🏾 Naomba nilifikirie la ada kwanza.

Mjomba: Mpwa, punguza kasi. Simkatai kijana huyu, namjua, na jana nilimwona. Lakini klabu si daladala. Tukiingiza watu wengi kwa mkupuo, baada ya miezi sita hawalipi ada, makao makuu inatudai sisi. Nimeyaona hayo.

Mimi: Nakubaliana nawe mjomba, na ndiyo maana sisemi tuwaingize hotelini. Kuanzisha klabu mpya wanatakiwa watu 20. Lakini tawi la klabu linaanza hata na watu 5. Lina mkutano wake, mahali pake, kazi zake, na linabaki chini ya klabu mama. Tuanzishe tawi la Makorora. Likutane Jumapili baada ya alasiri, mtaani, bila sahani ya hoteli. Ada ibaki ileile ya makao makuu, ya chakula iondoke.
Na kuna utaratibu wa familia: wa kwanza nyumbani analipa ada nzima ya makao makuu, wanaofuata, mpaka wanne, wanalipa nusu. Binamu na mkewe, kwa mfano.

Mke wa Binamu: Nipo nasoma jamani, shikamooni. Mimi nataka. Huyu akifikiria sana mtaniandika mimi wa kwanza.

Mama Mkubwa: 😂 Safi mwanangu! Nami niandikeni. Wanawake tunaruhusiwa?

Mimi: Tangu 1987 Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa: Basi mlichelewa kunialika. Baraza yangu ipo, mikeka ipo. Mkutane hapa. Na kuhusu ada, mjomba wenu asiwe na wasiwasi. Kikoba tumekaa miaka, kila Jumapili mtu analeta hisa yake, mvua inyeshe isinyeshe. Watu wa mtaa huu wanalipa. Wanachotaka ni kuiona pesa inasomwa.

Dada Muuguzi: Mimi nakuja kwa sharti moja. Tawi lisigeuke la kuchangishana tu na kupiga picha. Kila mwezi kazi moja ya mkono. Kupima macho na sukari, maana kisukari nacho kinapofua watu na wanakuja wamechelewa. Siku nikiwa zamu nitasema, siku nikiwa huru nitakuwepo.

Mpwa Kidato cha Tatu: Shikamooni. Sisi wa shule tuliofunga bango tunaweza kuingia?

Mimi: Marahaba. Nyie mna klabu yenu ya vijana chini ya Lions, jina lake Leo, kuanzia miaka 12. Mwombe mwalimu wenu aje kuniona. Kazi yenu jana ilikuwa safi, madaktari waliisifu.

JUMATATU

Mjomba: Asalaam aleykum. Nililala na maneno yenu. Nimeongea na rais wa klabu asubuhi hii. Kesho Jumanne nitalipeleka mimi mwenyewe kwenye uongozi, tawi la Makorora, nikiwa mdhamini wake. Nina masharti mawili. Majina yaje na ada ya nusu mwaka mkononi, si ahadi. Na kila anayeingia afanye kwanza kazi ya Alhamisi na sisi, aone wagonjwa wakifunguliwa bandeji kesho yake. Asiyevutwa na hilo, havutwi na mimi.

Mama Mkubwa: Hapo umenena kaka yangu.

Binamu Bajaji: Mjomba shikamoo. Mimi na mke wangu tumekaa, tumehesabu. Ada tutaitoa. Nitakuja baraza ya uongozi nikihitajika, ila sina suti.

Mjomba: Marahaba baba. Utavaa kizibao cha njano kama mimi, kinatosha. Nitakuletea kimoja.

Mimi: Mjomba, ahsante sana. Sina la kuongeza.
Majina mpaka sasa: Mama Mkubwa, Dada, Binamu na mkewe. Tunahitaji mmoja tutimie watano.

Kaka Dar: Mimi niko mbali, nisiandikwe jina la bure. Mwulizeni yule mwalimu mstaafu wa jirani, kila kambi yupo anaandika majina ya wagonjwa.

Mama Mkubwa: Nimetoka kumpigia ukuta. Amekubali. Anauliza daftari la mahudhurio analo nani.

Mimi: Nitalileta leo jioni. Sasa ya Alhamisi: kundi la kwanza liwe hospitali saa moja kamili. Binamu utaanza Mwanzange ndipo uje Makorora. Kila mzee na mtu wake wa kumshika mkono, na kadi yake ya kambi.

Mama Mkubwa: Wanakwenda na njaa au wale?

Dada Muuguzi: Wale, hawalazwi usingizi, ni ganzi ya jicho tu. Na dawa zao za presha wanywe kama kawaida, wenye sukari waniambie mapema. Waoge na kuosha uso vizuri, wasipake wanja.

Mama Mkubwa: Basi uji juu yangu. Binamu, ukitoka Mwanzange pitia chupa mbili hapa mlangoni, zitakuwa tayari saa kumi na mbili na nusu.