Filamu fupi ya vichekesho: mwasi kwenye mchezo wa bolzi. Mbona hachekeshi?

Kalamu_Mbichi

Wakuu, salaam.

Nina muswada wa filamu fupi ya vichekesho, dakika 18. Binti fundi bomba anaitwa klabu ya bolzi kuzibua mtaro unaozunguka uwanja. Anawakuta wazee wamevaa nyeupe tupu wanaviringisha matufe, anajaribu moja, na tufe linakwenda kulala ubavuni mwa jeki. Mwisho wa filamu yuko fainali dhidi ya bingwa wa klabu ambaye hajawahi hata kuitikia salamu yake.

Kwa wasioujua mchezo: unasimama kwenye mkeka, unaviringisha tufe ili likaribie kijitufe kidogo kinachoitwa jeki. Tufe haliendi moja kwa moja, linapinda.

Shida ni tatu. Waliosoma muswada wanasema binti ni mkorofi tu: anapiga kelele, anavunja vikombe, anakuja na kaptula iliyochanika, na hakuna anayecheka. Pili, kwenye majaribio ya kurekodi tufe linatambaa tu na mpindo hauonekani kabisa. Tatu, nimeandika fainali ambapo yuko nyuma 12 kwa 20, kisha tufe la mwisho linampa pointi 9. Naanza kuhisi haiwezekani.

Kamera ni moja, uwanja tunao kwa siku mbili. Naombeni msaada.

---

Mzee_wa_Mkeka

Naanza na la tatu, maana hilo litamtoa kwenye filamu mtu yeyote anayeujua mchezo. Haiwezekani, mkuu. Kwenye mchezo wa mmoja kwa mmoja kila mchezaji ana matufe 4 kwa mzunguko, yaani awamu moja ya kuviringisha matufe yote. Unahesabiwa pointi moja kwa kila tufe lako lililo karibu na jeki kuliko tufe bora la mpinzani. Kwa hiyo mzunguko mmoja hauzidi pointi 4, na ni upande mmoja tu unaozipata. Anayetangulia kufika 21 ameshinda.

Andika 20 kwa 19, bingwa akiongoza, na mzunguko wa kabla ya ule wa mwisho aushinde bingwa. Hilo la pili usilipuuze. Aliyeshinda mzunguko ndiye anayeanza unaofuata, halafu wanapokezana tufe moja moja. Kwa hiyo binti ndiye atakayebaki na tufe la mwisho mkononi. Ukimpa binti ushindi kwenye mzunguko huo, tufe la mwisho linakuwa la bingwa na fainali yako imekwisha.

Sasa mwisho wenyewe. Tufe likitumbukia mtaroni kwa kawaida limekufa, linatolewa. Lakini tufe lililoigusa jeki katika safari yake huchorwa chaki, na hilo likitumbukia mtaroni ndani ya mipaka ya njia yenu (ukanda wa uwanja mnaochezea) bado liko hai. Jeki nayo ikitumbukia humo humo iko hai. Watazamaji wengi hawalijui hilo, na hapo ndipo kicheko chako kilipo.

Panga hivi. Jeki iko mita 2 kutoka mtaroni. Mzunguko unapoanza haiwekwi karibu na mtaro zaidi ya hapo. Tufe la kwanza la binti linaigusa kidogo, linapita na kulala nyuma yake, upande wa mtaro. Mwamuzi anainama polepole, anachora chaki. Bingwa anapanga matufe yake mbele na pembeni, matatu ndani ya shibiri moja ya jeki. Mambo yamekwisha. Tufe la mwisho, binti anapiga kwa nguvu zote: linaigonga jeki, linalikumba lile la chaki, na vyote vitatu vinatumbukia mtaroni.

Kimya. Bingwa anaanza kupeana mikono na marafiki zake.

Mwamuzi anatoa chaki mfukoni. Tufe la mwisho nalo limeigusa jeki likiwa safarini, kwa hiyo liko hai kama lile la kwanza. Jeki iko mtaroni, matufe mawili ya binti yako pembeni yake, na ya bingwa yamebaki juu ya nyasi kama mita 2 nyuma. Pointi 2. 19 na 2 ni 21.

Mkilirekodi pigo hilo, lile la chaki ligongwe kwa ubavu. Matufe yote yana uzito unaokaribiana, yapata kilo moja na nusu. Ukiligonga katikati kabisa, linalogonga linakabidhi sehemu kubwa ya mwendo wake na huenda likabaki juu ya nyasi, nawe unahitaji yote mawili yaanguke.

Chaki ionekane angalau mara mbili kabla ya fainali, ya kwanza mapema kabisa, na mara moja ionekane kama ushamba wa wazee usio na maana. Ukisubiri kuieleza mwishoni utahitaji mtu asimame atoe hotuba, na kicheko kitakufa.

Halafu tazama ukurasa wako wa kwanza: binti aliingia klabu kuzibua mtaro huo huo. Jibu ulikuwa nalo tangu mwanzo.

---

Lenzi85

Nachukua la pili.

Mpindo hauonekani kwa sababu mmepiga kutoka pembeni. Kutoka pembeni tufe linakatiza fremu tu, kulia kwenda kushoto, na kupinda kwake kunakuwa ni kusogea karibu au mbali na kamera, kitu ambacho jicho halikipimi. Hamishia kamera mwisho wa njia, nyuma ya mtaro, juu ya ngazi ya mita 2 hadi 2.5, na utumie lenzi ndefu, milimita 135 au zaidi. Lenzi ndefu inabana umbali: mita 27 zinaonekana fupi, lakini mpindo wa pembeni unabaki na upana wake wote. Tufe litaonekana kama linatoka kwenda njia ya jirani kisha linabadili mawazo. Kosa la kawaida ni kuiweka kamera chini kwenye nyasi kwa safari nzima. Chini ni kwa mita ya mwisho tu.

Kasi msiipunguze. Kwenye nyasi nzito za Uingereza tufe huchukua kama sekunde 10 hadi 12 kufika. Kwenye nyanja za Australia na Nyuzilandi hufika 15 na kupita. Inashangaza mara ya kwanza ukisikia kwamba uwanja unaoitwa wa kasi ndio tufe linachukua muda mrefu, lakini ndivyo ilivyo: nyasi hazilizuii, kwa hiyo analiachia taratibu, nalo linapinda zaidi. Nyasi zikatwe fupi na msubiri umande ukauke kabla ya kupiga safari ndefu.

Sekunde 12 za tufe linalotambaa ni mali kwenye vichekesho, mradi uzijaze nyuso. Kwa kuwa kamera ni moja, nyuso mtazipiga peke yake, na hapo wengi huharibu: kila mwigizaji anatazama alikodhani tufe limefika. Mpe mtu fimbo yenye kitambaa chekundu, atembee nyuma ya kamera kwa mkunjo ule ule, ahesabu kwa sauti hadi 12, asimame. Macho yote yatasogea pamoja, na vichwa vitainama pamoja mwishoni. Sauti yake mtaikata kwenye uhariri.

Tufe likifika: msimtake mwigizaji aliviringishe kutoka mita 27 na kulipatia. Liachieni kutoka mita 3, nje ya fremu, mkianzia pembeni kwenye mstari wa mpindo na si nyuma moja kwa moja. Tufe linapinda zaidi linapopungua mwendo, kwa hiyo hizo mita 3 ndizo zenye mpindo mkali wa kweli. Kwa sababu hiyo hiyo pigo la nguvu la mwisho liende karibu moja kwa moja. Likipinda sana, anayejua atajua mmedanganya.

Kabla ya kugusa chochote kati ya rekodi moja na nyingine, piga picha ya matufe yote kutoka juu na uchomeke kijiti kidogo cha kuwekea mpira wa gofu usawa wa ardhi chini ya kila moja. Mlio wa tufe kugonga tufe urekodiwe baadaye, mikrofoni sentimita 30, kwa sababu kwenye uwanja wazi ni mdogo mno.

Nguo nyeupe juani zitaungua kwenye picha. Chovyeni kwenye chai ya rangi iliyopoa, zikauke; kwenye kamera zitabaki nyeupe lakini mikunjo itaonekana. Na mpime mwanga kwenye nguo, sio kwenye nyasi.

---

Kanuni_Kwanza

Wenzangu wamemaliza ufundi, mimi nina la kwanza tu: ukorofi.

Binti wako anavunja adabu, na mtu anayevunja adabu unaweza kumfukuza, hadithi imekwisha. Anayewatesa wazee wa klabu ni yule anayefuata kanuni neno kwa neno na bado anawaaibisha. Michezo ya kistaarabu imejaa watu hao. Septemba 1771, kwenye kriketi, Thomas White, akichezea timu ya Chertsey, alikwenda kucheza na Hambledon akiwa na gongo pana kama wiketi yenyewe, vile vijiti anavyovilinda mpigaji. Hakuna kanuni iliyomkataza. Wapinzani wakakaa wakaandika kikomo cha inchi 4 na robo, na kikomo hicho kipo hadi leo. Sam Snead kwenye gofu alianza kupiga mpigo mfupi wa kuingiza mpira shimoni akiwa ameitanua miguu huku na huku, mstari wa mpira ukipita katikati ya miguu. Ikapigwa marufuku kuanzia 1968. Akahamia pembeni ya mstari, uso ukiwa kwenye shimo, akaendelea.

Kuna upande wa pili pia. Kwenye kriketi tena, tarehe 1 Februari 1981 huko Melbourne, Nyuzilandi walihitaji pointi 6 kwa mpira mmoja uliobaki ili wasawazishe. Greg Chappell, nahodha wa Australia, akamwambia mdogo wake Trevor auviringishe mpira chini kwa chini, ili usiweze kupigwa mbali. Halali kabisa siku ile, na watu hawajasahau. Kwa hiyo kanuni tupu bila roho ya mchezo humgeuza mtu kuwa adui wa hadithi, na hapo una bingwa wako: ajue kila kifungu na akitumie kumzuia binti.

Kwa vitendo: futa vikombe vilivyovunjwa. Kila tukio binti afanye jambo moja lisilo na kanuni dhidi yake, na tukio linalofuata lifungue kwa tangazo jipya ukutani linalokataza jambo hilo tu. Tangazo la mwisho libandikwe juu ya mengine kwa kukosa nafasi. Usimpe binti mstari wa kulieleza. Na awe hodari kweli kweli tangu tufe la kwanza. Mtazamaji humvumilia mwasi kwa sababu ya kipaji chake.

---

Kalamu_Mbichi

Nashukuru sana wakuu, mtaro nimeuandika upya usiku huu huu na umekaa.

Swali dogo. Nina tukio ambapo binti analipasua tufe kutafuta chuma kilichofichwa upande mmoja, kile kinacholipindisha. Libaki?

---

Mzee_wa_Mkeka

Liondoe. Ndani hakuna chuma. Tufe la kisasa linapinda kwa umbo: ubavu mmoja umechongwa tofauti kidogo na mwingine, basi. Linapopoteza mwendo linaegemea upande wake.

Badala yake tumia kosa linalowapata wanaoanza wote. Kila tufe lina alama ya duara kubwa ubavu mmoja na duara dogo ubavu mwingine, na linapinda kuelekea kwenye duara dogo. Anayetumia mkono wa kulia akilenga kulia, duara dogo liwe kushoto, upande wa ndani. Akilishika kinyume, tufe linatoka kulia na kuendelea kupinda kulia, linavuka mpaka na kuingia njia ya jirani, katikati ya mchezo wa watu wengine. Njia ina upana wa kama mita 4.3 hadi 5.8, kwa hiyo halihitaji safari ndefu kufika huko. Mpe bingwa kosa hilo, kwenye fainali, mzunguko wa katikati, akiwa na hasira. Hahitaji kusema kitu.

Na viatu: soli bapa kwa kila mtu, mpiga picha na mwenye fimbo wakiwemo, na mbao pana chini ya miguu ya ngazi hata ikiwa nyuma ya mtaro. Kisigino kimoja kikiacha shimo njiani, kila tufe litakalopita hapo litaruka, na siku yenu ya pili itaishia hapo.