Grini kadi imetoka, binti yangu bado yuko nyumbani. Nianze na karatasi ipi?

Nyota_Asubuhi:

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, na naomba mnivumilie maana nina mengi na usingizi sipati.

Niliingia Marekani kwa viza ya mwanafunzi. Mwaka juzi Oktoba nikafunga ndoa na mume wangu, raia wa kuzaliwa wa hapa, tukaombea ukaazi nikiwa hapahapa. Machi 14 maombi yalikubaliwa na wiki iliyopita kadi imeletwa na posta.

Nilijua kadi ikishafika mambo yamekwisha. Nimekaa nayo mezani nikaigeuza huku na huku, nikaona vitu viwili vikanishtua. Kwanza, ni ya miaka miwili tu na imeandikwa CR6. Pili, ina jina la ukoo la mume wangu, wakati pasipoti yangu na kadi yangu ya Social Security (hifadhi ya jamii) zina jina la baba yangu.

Kinachoniumiza zaidi ni binti yangu. Ana miaka 16, Agosti anatimiza 17, anaishi na mama yangu. Nilidhani nikipata ukaazi na yeye anaingia kwenye faili langu. Nimeambiwa siyo. Na mama naye anafanyiwa upasuaji wa nyonga mwezi Juni, nilitaka nikae naye miezi saba hivi, hadi atembee vizuri. Mwezi ujao tunahama nyumba. Kazini wananitambua kwa kibali cha kazi nilichopewa wakati nasubiri.

Nianze na lipi?

Kapteni_Jahazi:

Hongera sana dada. Hilo la miaka miwili lisikutishe. Siku maombi yako yanakubaliwa ndoa yenu ilikuwa haijafika miaka miwili, kwa hiyo umepewa ukaazi wenye masharti, ndiyo maana ya hiyo CR6. Haki zako ni zilezile za mkaazi mwingine yeyote: unafanya kazi, unatoka na kuingia. Tofauti ni kwamba kadi hii haiongezwi muda kama ile ya miaka kumi. Wewe na mume wako mtajaza fomu I-751 kuondoa masharti, ndani ya siku 90 kabla ya kadi kuisha. Kadi yako ikiisha Machi 14, dirisha linafunguka katikati ya Desemba ya mwaka unaotangulia. Ukituma kabla ya hapo wanakurudishia. Ukichelewa bila sababu nzito, ukaazi wenyewe unaingia hatarini.

Anza leo kuweka ushahidi: mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, taarifa za benki ya pamoja, bima, picha za kawaida. Mimi nilisubiri hadi mwezi wa mwisho, nikawa nakesha nikitafuta bili za mwaka mzima uliopita. Ilikuwa kazi ya kuchosha kweli.

Chausiku:

Pole kwa kuwa mbali na mtoto, naijua hali hiyo. Lakini njia ipo. Mkaazi wa kudumu anaruhusiwa kumwombea mwanawe. Jaza I-130, fomu ya kumwombea ndugu, wewe mwenyewe kesho asubuhi, usingoje uraia.

Mzee_wa_Mafaili:

Chausiku, kwa nia njema kabisa, naomba nisahihishe kabla dada hajalipa ada. Ni kweli mkaazi anaweza kumwombea mwanawe, ila kwa kesi hii si yeye anayepaswa kushika kalamu. Ni mume wake.

Nyota, sababu ni hii. Ukiomba wewe, binti anaingia kundi la F2A, la wenzi na watoto wa wakaazi. Kundi hilo lina idadi ya viza kwa mwaka, na foleni yake inasogea na kusimama kutegemea taarifa ya viza inayotolewa kila mwezi. Akiomba mume wako, ambaye ni raia, binti anahesabiwa kuwa ndugu wa karibu wa raia, na kundi hilo halina ukomo wa viza. Atasubiri faili lishughulikiwe tu, foleni ya viza haimhusu.

Utauliza: mume wangu si baba yake, inawezekanaje? Sheria ya uhamiaji inamtambua mtoto wa kambo, kwa sharti moja ambalo watu wengi hulijua wakiwa wamechelewa: ndoa iwe imefungwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Mlipofunga ndoa binti alikuwa na 15. Mko salama kabisa. Na kwa watoto wa raia umri husimamishwa siku I-130 inapopokelewa, kwa sheria ya mwaka 2002 ya kuwalinda watoto, hivyo hata faili likichukua muda hatahesabiwa kuwa ametimiza 21 akiwa njiani.

Kilichokufanya udhani ataingia kwenye faili lako ni kwamba kwa makundi mengine mtoto hufuatana na mzazi. Mwenzi wa raia hafuatwi na mtu. Kila mtoto anahitaji I-130 yake.

Sasa nijibu swali moja, nalo ni zito. Fomu ya kuomba ukaazi ilikutaka utaje watoto wako wote, hata wasioishi nawe. Ulimwandika?

Nyota_Asubuhi:

Nimesoma jibu lako mara tatu, nikampelekea mume wangu simu asome tafsiri. Nilimwandika, ndiyo. Jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa. Nakumbuka kwa sababu nililia siku ile.

Baba yake yupo. Hatukuwahi kufunga ndoa, tunasalimiana vizuri tu. Na cheti cha kuzaliwa tulikisajili binti akiwa na miaka tisa, alipotakiwa nacho shuleni. Je, hilo ni tatizo?

Mzee_wa_Mafaili:

Ashukuriwe Mungu kwa kumwandika. Ungemwacha, tungekuwa tunaongea mambo mengine.

Cheti kilichochelewa kusajiliwa hakikatai ombi, lakini maofisa wa viza hukiangalia kwa jicho kali. Kitafutie wenzake: kadi ya kliniki ya mtoto, cheti cha ubatizo kama kipo, rekodi ya shule ya msingi yenye jina lako kama mzazi, picha zenu tangu akiwa mdogo. Wakibaki na shaka wanaweza kupendekeza kipimo cha vinasaba. Usikipime mwenyewe mapema, kwa sababu wanapokea kile tu kilichopitia utaratibu wao.

Kwa baba yake, pata ridhaa kwa maandishi mbele ya wakili sasa hivi, wakati mnasalimiana vizuri. Nimeshuhudia mzazi aliyekubali kwa mdomo miaka miwili mfululizo, akabadilika wiki ya safari.

Karatasi yoyote ya Kiswahili iende na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mtafsiri aandike na kusaini kwamba anazimudu lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi. Mumeo aweke uthibitisho wa uraia wake na cheti chenu cha ndoa. Kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa kabla, weka na karatasi ya kuvunjika ndoa hiyo. Cheti cha ndoa ndicho pia kitakachoeleza kwa nini mama kwenye cheti cha kuzaliwa ana jina moja na wewe leo una lingine.

I-130 ikikubaliwa, faili linakwenda kituo cha taifa cha viza. Hapo mumeo atajaza I-864, dhamana ya kwamba kipato chake kinafika asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kwa idadi ya watu anaowatunza. Na wewe uliyepata ukaazi kwa dhamana yake unaingia kwenye hesabu hiyo, msisahau. Halafu vipimo vya afya, hati ya polisi kwa kuwa amevuka 16, na mahojiano ubalozini.

Jambo jingine jema: ndoa yenu inatimiza miaka miwili Oktoba. Binti akiingia baada ya hapo, anapata kadi ya miaka kumi, bila masharti kama yako.

Kisima:

Mimi nije kwenye haya ya kila siku, maana nayo huuma.

Kadi yako ya zamani ya Social Security iangalie juu ya jina. Kama ulipewa ukiwa mwanafunzi, ina maneno kwamba inafaa kwa kazi tu ukiwa na idhini ya uhamiaji. Nenda ofisi yao na grini kadi halisi na cheti cha ndoa, wabadilishe jina na kuondoa maneno hayo kwa mkupuo mmoja. Namba haibadiliki na hulipi kitu. Ukitoka hapo ndipo uende kazini kuwaonyesha, wabadilishe kumbukumbu zako, halafu leseni ya udereva, ambayo huenda waliikatia muda kufuata viza yako.

Na hapo kwenye leseni ndipo ninapokusihi. Binamu yangu alikuwa anabadilisha leseni, nyuma yake foleni ndefu. Mhudumu akamgeuzia skrini aweke saini, akamwambia bonyeza ndiyo, ndiyo, endelea. Moja ya maswali hayo lilikuwa kama anataka kujiandikisha kupiga kura. Hakupiga kura hata siku moja. Miaka mitano baadaye, kwenye mahojiano ya uraia, ofisa akatoa nakala ya ile fomu na kuiweka juu ya meza: jina lake, saini yake, na mstari unaosema mimi ni raia. Alihangaika na mawakili kwa muda mrefu. Kudai uraia usio wako kunaweza kukufungia mlango moja kwa moja. Soma kila swali, hata foleni ikinung'unika.

Mpitanjia:

Kwa kuwa mnahama: toa taarifa ya anwani mpya kwa USCIS, idara ya uhamiaji, ndani ya siku 10, fomu AR-11, inajazwa mtandaoni bure. Kubadilisha anwani posta peke yake hakutoshi. Mumeo naye kwa kuwa ni mdhamini wako ana fomu yake ya anwani, I-865, ndani ya siku 30.

Nyota_Asubuhi:

Asanteni jamani. Hilo la mdhamini kutoa taarifa yake hatukulijua kabisa.

Na safari ya kwa mama? Naona kila mtu ameikwepa.

Mzee_wa_Mafaili:

Sikuikwepa, nilikuwa natafuta namna ya kukuambia bila kukuumiza. Miezi saba usiende.

Ukikaa nje zaidi ya siku 180, unaporudi uwanja wa ndege ofisa anaruhusiwa kukuhoji kama mtu anayeomba kuingia upya. Ukivuka miezi sita, muda wako wa kuhesabia uraia unachukuliwa kuwa umekatika hadi uthibitishe vinginevyo, na wewe kwa ndoa yako unaweza kuomba uraia baada ya miaka mitatu badala ya mitano. Ukivuka mwaka, kadi peke yake haikurudishi. Kuna kibali cha kurejea, lakini huombwa ukiwa ndani ya Marekani, na kwa safari yako sioni haja yake.

Lakini kilichonipa wasiwasi zaidi ni I-751. Utapaswa kuonyesha kwamba mnaishi pamoja. Miezi saba ya kutengana, katika miaka miwili tu ya kadi, inaleta maswali ambayo huna haja nayo, hata kama kila mtu anaelewa mama ni mama.

Nenda miezi mitatu. Uwepo siku ya upasuaji na wakati wa mazoezi ya kwanza, ambapo anahitaji mkono wa kuaminika. Kisha rudi, panga mtu wa kumsaidia, na ukiweza nenda tena baadaye. Ukiwa huko fuata zile karatasi za binti na ridhaa ya baba yake. Tiketi ikatwe kwa jina lililo kwenye pasipoti, na begi la mkononi liwe na kadi pamoja na cheti halisi cha ndoa.

Chausiku:

Mzee, nashukuru kwa kunisahihisha. Mimi niliomba mwenyewe nikiwa mkaazi kwa sababu sikuwa na mume raia, nikadhani njia ni hiyo kwa kila mtu. Dada Nyota, samahani.

Kisima:

Nimekumbuka kodi. Tangu ulipopata ukaazi unatangaza mapato yako ya dunia nzima, pamoja na pango la nyumba kama unayo nyumbani. Na akaunti zako za nje zikijumlishwa zikavuka dola 10,000 hata kwa siku moja ya mwaka, kuna ripoti yake maalumu. Mwaka huu wa mabadiliko tafuta mhasibu anayejua wageni.

Nyota_Asubuhi:

Wakuu, narudi na mrejesho.

Jumamosi mume wangu alijaza I-130 mtandaoni, mimi pembeni namsomea herufi za jina la binti moja moja. Tumepata risiti. Social Security nimekwenda jana, wameniambia kadi mpya itakuja kwa posta, nikawapa anwani mpya. Kazini wameshabadilisha.

Tiketi nimekata: naondoka Mei 28, narudi Agosti 24. Siku ya kuzaliwa ya binti ni Agosti 19, kwa hiyo nitakuwepo.

Nilimpigia usiku nikamweleza nani ameomba na kwa nini. Akanyamaza, halafu akauliza kama kwenye fomu wameandika yeye ni mtoto wa kambo au mtoto. Nikamwambia sheria inasema wa kambo. Mume wangu akachukua simu, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Fomu ni fomu. Chumba chako nimeanza kupaka rangi."

Ameomba rangi ya kijani.